Bwasa na mitaro ya kukinga mmomonyoko: nani ataitunza miteremko ya Kabare na Walungu?

Mrithi wa Kilima (Ibanda, Bukavu) ameandika:

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Ninaanzisha uzi huu kwa sababu ya kipande cha ardhi kisichofika nusu hekta ambacho marehemu baba yangu aliniachia katika wilaya ya Kabare, hapa Kivu Kusini nchini Kongo, kwenye mteremko mkali unaoishia bondeni penye kijito. Mimi ninaishi mjini na sishiki jembe. Kwa miaka kumi na mmoja shamba hilo nimekuwa nikilitoa kwa bwasa, yaani mtu hulilima kwa msimu mmoja au miwili kwa malipo, kisha tunaelewana upya au ninampa mwingine. Kwa wasomaji wasiotoka Bushi, nchi ya Washi, nieleze kwamba bwasa ni tofauti na kalinzi. Kalinzi ni haki ya kudumu ambayo babu zetu waliipata kwa kumtolea mwami, yaani mtawala wa kimila, au mwakilishi wake kitu cha thamani, kwa desturi ng'ombe, na haki hiyo hurithiwa na watoto. Mwenye bwasa harithishi kitu, na wala haruhusiwi kupanda mgomba, kahawa au mti wowote wa kudumu, kwa kuwa kwetu anayepanda mti huhesabiwa kuwa anadai ardhi.

Miaka saba iliyopita mradi mmoja ulipita kilimani petu. Vijana walilipwa kwa kila mita ya mtaro waliyochimba, na ndani ya wiki chache kilima kizima kilikuwa kimechorwa mistari kama mkeka. Wageni walikuja kupiga picha, nami nilifurahi kama wengine, kwa sababu sikutoa hata faranga moja. Mradi ukafungwa, kibao chake kikabaki barabarani. Msimu wa pili mitaro ilikuwa imejaa udongo hadi nusu, na msimu wa tatu hakuna aliyeuzoa. Mwaka wa nne, mvua moja ya Novemba ilijaza mtaro wa juu kabisa, maji yakatafuta mahali palipokuwa chini kidogo kuliko kwingine, yakatoboa tuta na kushuka yote kwa mkondo mmoja. Leo hapo pana korongo ambalo mtu mzima akisimama ndani haonekani, nalo limekata shamba la jirani wa chini ambaye hakuwa na kosa lolote.

Nilipofika kuona, neno la kwanza kinywani mwangu lilikuwa lawama kwa mpangaji. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kwa upole kama niliwahi kumwambia kwamba atalima hapo mwaka unaofuata. Sikuwa nimemwambia. Alikuwa mpangaji wa tatu tangu mitaro ichimbwe, na kila mmoja wao aliingia bila kujua kama atavuna mara mbili. Mtu wa namna hiyo azoe udongo kwa faida ya nani?

Naomba tulipime jambo hili kwa hesabu, kwa sababu macho hudanganya. Mvua ya milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba, hivyo mvua ya milimita 40, ambayo kwetu huweza kunyesha alasiri moja, humwaga lita 200,000 juu ya nusu hekta. Udongo nao, ukiondoka unene wa milimita moja tu kwenye hekta nzima, ni mita za ujazo 10, na uzito wake unazidi tani kumi. Hakuna mkulima anayeweza kuona kwa jicho kwamba shamba lake limepungua milimita moja, lakini jembe la mtoto wake litagusa udongo mwekundu usiozaa.

Wakati wa baba, mteremko ule ulikuwa na migomba iliyosongamana, majani yake yakivunja nguvu ya matone na makavu yake yakifunika ardhi. Mnyauko wa migomba ulipotufikia, tuling'oa mashina na kupanda mihogo, nayo huacha ardhi wazi kwa miezi ya kwanza, ambayo ndiyo miezi ya mvua kubwa. Sikumbuki mradi wowote uliokuja kutuuliza ni nini kingechukua nafasi ya migomba katika kuifunika ardhi.

Swali langu kwenu ni hili. Je, tuendelee kungoja miradi ya kuchimba mitaro, au tuanze na mapatano kati ya mwenye ardhi na mwenye jembe? Mimi naamini mtaro hauwezi kudumu kuliko mkataba wa anayeutunza, na kwa kuwa mkataba wangu ulikuwa wa miezi mitano, sikupaswa kushangaa. Ningependa kusikia hasa kutoka kwa wanaolima ardhi ya wengine.

Mama Mkulima (Walungu) amejibu:

Baba, nashukuru kwa kusema wazi, kwa sababu wenye mashamba wengi huishia kwenye lawama ile ya kwanza. Mimi ninalima vipande vitatu, vyote vya bwasa, kwa watu watatu tofauti, na jumla yake haifiki hekta. Mume wangu yuko machimboni, na wanawake ndio tunaobeba jembe katika sehemu kubwa ya kijiji.

Nikueleze yaliyonipata. Kwenye kipande kimoja nilipanda tripsakumu juu ya tuta, ile nyasi ya majani mapana ambayo wataalamu hutushauri. Ilishika vizuri, na msimu wa pili udongo ulianza kujikusanya nyuma yake na maharagwe ya hapo yakawa ya kijani kuliko ya kwingine. Mwenye shamba akaja na watoto wake, wakaikata yote kwa ajili ya mbuzi na sungura wao, wakasema nyasi ni ya ardhi na ardhi ni yao. Msimu wa tatu alinipandishia bei, kwa maelezo kwamba shamba sasa ni zuri. Nilishindwa kulipa, akampa mwingine. Tangu siku hiyo sijapanda nyasi kwenye tuta la mtu.

Kwa hiyo mtu akija na semina ya kunifundisha faida za nyasi, namheshimu, lakini faida hizo nazijua. Ningependa semina hiyo waitwe wenye mashamba.

Fundi wa Udongo amejibu:

Nimefanya kazi ya ugani kwa miaka mingi katika Kabare na Walungu, na kwanza ninakiri kwamba Mama amesema jambo ambalo sisi mafundi hatukuliandika katika ripoti zetu. Tulihesabu mita. Mita ni rahisi kuhesabu, na mfadhili huzielewa.

Nizungumze kuhusu mtaro uliotoboka, kwa sababu kuna la kiufundi ndani yake. Mtaro wa kukinga maji usipokuwa na mfereji wa kuyatolea mahali salama, lazima uwe sawa kabisa kwa usawa wa maji, kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukipimwa kwa jicho, mahali fulani patakuwa chini kwa sentimita ishirini, na maji ya mtaro mzima yatakusanyika pale. Kipimo chake hakina gharama. Chukua fito mbili zenye urefu wa mita mbili, uzifunge juu zikutane kama herufi A, uweke fito fupi ya kukatiza katikati, kisha uning'inize kamba yenye jiwe kutoka kileleni. Simamisha kipimo mahali pamoja, weka alama kamba inapogusa fito ya kati, geuza miguu ibadilishane nafasi, weka alama ya pili, na katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Wanakijiji wawili hujifunza kwa asubuhi moja.

La pili, mtaro usiachwe wazi kwa urefu wote. Kila baada ya mita chache acha kizuizi cha udongo ambao haukuchimbwa, kilicho chini kidogo ya ukingo, ili upande mmoja ukizidiwa, maji ya upande mwingine yasikimbilie huko. La tatu, nyasi ipandwe juu ya tuta katika msimu uleule wa kuchimba, kwa sababu tuta tupu ni udongo uliolegezwa unaongoja mvua. La nne, kila baada ya mavuno udongo uliojaa mtaroni uzolewe na kurudishwa juu. Ndugu zetu wa Kenya, hasa wa Machakos, waliupa utaratibu wa kutupa udongo upande wa juu jina la «fanya juu», na jina hilo la Kiswahili sasa limo katika vitabu vya wataalamu duniani kote. Uzuri wake ni kwamba tuta likiwa juu ya mtaro, shamba lenyewe hujisawazisha polepole, mwaka hadi mwaka, bila kufukua udongo mbaya wa chini kwa mara moja. Matuta makubwa ya ngazi tunayoyaona ng'ambo ya Ruzizi, huko Rwanda, ni kazi ya kusifiwa, lakini huleta juu udongo wa chini usio na rutuba na wenye tindikali, na bila samadi nyingi pamoja na chokaa mavuno ya miaka ya kwanza huwa ya kusikitisha. Mkulima mwenye mbuzi wawili hana samadi hiyo.

Naongeza tahadhari moja ambayo naiona ni ya maisha na kifo. Mtaro huingiza maji ardhini. Mahali ambapo mlima umeshaanza kuteleza, penye nyufa zinazozunguka kama mwezi mwandamo, miti iliyoinama au chemchemi mpya katikati ya mteremko, usichimbe mtaro wa kutuamisha maji, kwa sababu utaongeza uzito na utelezi. Hapo maji yaondolewe taratibu kwa mfereji ulioimarishwa, na mizizi mirefu ipandwe. Bukavu imejengwa juu ya maporomoko ya zamani, na mengine bado yanatembea. Waulizeni wakazi wa mtaa wa Funu.

Kijana wa Bagira amejibu:

Naomba kuongeza jambo dogo. Korongo nyingi ninazozijua hazikuanzia shambani. Zilianzia barabarani, pale mfereji wa barabara unapomwagwa kwenye shamba la mtu, au kwenye mapaa ya mabati. Paa la mita 8 kwa 10, kwa mvua hiyohiyo ya milimita 40, hutoa lita 3,200, na nyumba zikiwa hamsini juu ya kilima kimoja hakuna mtaro wa mkulima utakaostahimili. Mmoja akikinga na wa juu yake asikinge, wa chini ndiye atakayeumia.

Mwana Kalehe amejibu:

Nimesoma kwa makini. Mimi ni wa Kalehe, kando ya Ziwa Kivu, na tarehe 4 Mei 2023 nilikuwa na jamaa katika kijiji cha Bushushu na wengine Nyamukubi. Ilikuwa Alhamisi, siku ya soko la Nyamukubi, watu wamejaa. Mito ilishuka na mawe makubwa kuliko nyumba, na waliokufa walizidi 400, mbali na wale ambao hatujawaona hadi leo.

Sipendi mtu anapokuja kwetu na kusema kwamba mitaro ingewaokoa. Mvua ile na mawe yale yalikuwa na nguvu nyingine. Lakini naomba pia tusifike upande wa pili na kusema ni mapenzi ya Mungu tu, maana milima iliyo juu ya vijiji vile ilikuwa imevuliwa miti na kulimwa hadi kwenye miamba, nasi tuliona maji ya mito yakibadilika rangi miaka mingi kabla ya siku ile. Ninachokiomba ni kwamba mpango wowote wa kuhifadhi udongo uanze juu, kwenye vyanzo, na uhesabu kilima kizima hadi ziwani. Kwetu walikuja wakachimba kwenye mashamba yaliyo karibu na barabara, kwa sababu gari lilifika hapo.

Mkongomani wa Carolina amejibu:

Ndugu, ninaishi Marekani, katika jimbo la North Carolina, na kwa kuwa nilifanya kazi katika shamba la soya huko, nimeona utaratibu ambao pengine utawasaidia kufikiri. Miaka ya 1930 ardhi yao iliharibika vibaya, upepo ukiibeba upande wa nyanda za kati na maji yakiikata huku kusini. Hugh Hammond Bennett, mtaalamu wa udongo aliyezaliwa kaunti ya Anson katika jimbo hili, aliipigania hoja hiyo hadi Bunge likapitisha sheria ya kuhifadhi udongo ya tarehe 27 Aprili 1935. Hata hivyo waligundua haraka kwamba serikali ya Washington haiwezi kuingia katika shamba la kila mtu, na mwaka 1937 Rais Roosevelt akawaandikia magavana wa majimbo akiwaomba watunge sheria za kuunda wilaya za uhifadhi zinazoongozwa na wakulima wenyewe. Ya kwanza ilikuwa Brown Creek, hukohuko Anson, tarehe 4 Agosti 1937. Leo wilaya hizo zinakaribia 3,000 nchini kote.

Kinachonivutia ni namna zinavyofanya kazi. Katika jimbo hili kila wilaya ina wasimamizi watano, watatu huchaguliwa kwa kura na wawili huteuliwa. Mtaalamu huja shambani bila malipo na kuandika mpango pamoja na mkulima. Mkulima hutengeneza kwanza, fundi hukagua, kisha mfuko wa jimbo humrudishia sehemu ya gharama, hadi asilimia 75, na mkulima hutia sahihi kwamba ataitunza kazi hiyo kwa miaka iliyotajwa. Akiiharibu kabla ya muda, huweza kudaiwa fedha. Huko hawalipi kuchimba peke yake. Wanalipia kitu kitakachodumu.

Mama Mkulima (Walungu) amejibu:

Asante, ndugu wa mbali. Lakini huyo mkulima wa Carolina ana hati ya ardhi mkononi. Kwetu sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi yote ni ya Dola, mwami anasema ni ya usultani, mwenye kalinzi anasema ni yake, na mimi ninayeilima sisemi kitu. Ukisema «mkulima atie sahihi», ni nani kati yetu wanne?

Mrithi wa Kilima amejibu:

Mama, swali lako limenifanya nikae kimya jioni nzima. Kifungu cha 389 cha sheria hiyohiyo kiliahidi kwamba ordonansi ya Rais ingeeleza haki za jamii juu ya ardhi za kimila, na kwa miongo mingi haikutolewa. Halmashauri za kilimo zilizoitwa CARG, ambazo zingeweza kufanana kidogo na wasimamizi wale wa Carolina kwa kuwa zilikusudiwa kuwaweka wakulima na maafisa kwenye meza moja, hapa kwetu nyingi zilibaki mikutano ya posho. Nikisubiri hayo yote yatengenezwe, korongo langu litafika barabarani.

Kwa hiyo naandika hapa ninachoweza kufanya mimi, mwenye nusu hekta, na naomba mnirekebishe. Nitampa mpangaji wangu bwasa ya misimu sita, yaani miaka mitatu, kwa bei ileile bila kupandisha. Nyasi yote ya matuta ni yake, aikate apendavyo mradi mashina yabaki. Mimi nitaleta miche na vipando. Kuzoa mitaro baada ya kila mavuno ni kazi yake, na badala yake nitampunguzia theluthi ya malipo ya msimu huo baada ya watu wawili kukagua. Nikiuza shamba au nikilitaka kabla ya muda, nitamlipa kwa kila mita ya tuta iliyo hai. Karatasi itiwe sahihi mbele ya chifu wa kijiji na majirani wa juu na wa chini, huyu wa chini hasa, kwa kuwa ndiye niliyemharibia.

Yeye nitamlipa kwa kulifunga korongo. Fundi, tuanzie wapi?

Fundi wa Udongo amejibu:

Korongo huanza kutibiwa juu ya kichwa chake. Kwanza geuza maji yanayoliingia, la sivyo kila utakachoweka ndani kitasombwa. Kisha weka vizuizi vifupi vya fito na mawe, kimoja baada ya kingine kuanzia juu, visivyozidi goti, vilivyoingizwa ndani ya kingo zote mbili na vyenye mahali pa chini katikati pa kupitishia maji. Kizuizi kirefu hupendeza lakini huanguka. Nyuma ya kila kimoja panda tripsakumu na matete mara tope likitulia. Juu ya matuta changanya nyasi na kaliandra ikatwe fupi, ni chakula cha mbuzi na hurutubisha udongo. Mikaratusi iache mbali na mashamba ya chakula.

Mama Mkulima (Walungu) amejibu:

Kaliandra ni mti, Fundi. Karatasi iseme wazi kwamba mpangaji akiipanda hadai ardhi, na mwenye ardhi hamfukuzi kwa sababu ameipanda. Hilo likiandikwa, nami nitaipeleka karatasi hiyo kwa wenye mashamba wangu watatu, mmoja mmoja, nikianza na yule wa sungura.

Na iandikwe kwa Kiswahili au Kimashi, tafadhali. Ile ya mradi uliopita ilikuwa kwa Kifaransa, na tulitia alama ya kidole.

Mrithi wa Kilima amejibu:

Itaandikwa kwa Kiswahili, Mama, na kifungu cha kaliandra kitakuwa kama ulivyosema. Nitaiweka hapa kabla ya kutia sahihi, ili kila mmoja aichukue na kuibadilisha. Mpangaji wangu amekubali tukutane shambani mwezi Agosti, na jirani wa chini amesema atakuja, ingawa bado ana kinyongo.

Fundi wa Udongo amejibu:

Agosti ardhi huwa ngumu kama tofali, jembe litaruka. Mwezi huo tupime mistari na kuweka vijiti, kisha mchimbe baada ya mvua mbili za kwanza za Septemba, kabla ya kupanda maharagwe, na vipando viingie ardhini siku hiyohiyo. Kamba na jiwe nitakuja navyo. Fito mbili za mita mbili mkate hukohuko, ziwe zimenyooka.